Kuishi na Kipandauso Sugu: Mwongozo wa Kuutunza Moyo kati ya Shambulio na Shambulio

Kipandauso huhesabiwa kuwa sugu pale mtu anapoumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo maumivu yakiwa na sifa za kipandauso chenyewe: kupwita, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele, na maumivu kuzidi mtu anapotembea au kuinama. Shambulio moja lisilotibiwa huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba nusu ya mwezi imeliwa na maumivu, na hilo hata wasiougua wanaweza kulielewa. Kisichosemwa sana ni namna nusu ya pili inavyopita, kwa kuwa mgonjwa huitumia kuogopa shambulio lijalo, kuomba radhi kwa yale yaliyoharibika wakati wa lile lililopita, na kujitetea mbele ya watu wanaomwona mzima. Mwongozo huu unaihusu nusu hiyo. Aliyeuandika ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambaye ameugua kipandauso kwa miaka mingi, na si daktari. Panapotajwa dawa, neno la mwisho ni la mtaalamu anayekutibu.

Hatua ya kwanza: Jua unaumwa nini

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini Tanzania, kwa hiyo kichwa kikiuma neno la kwanza mdomoni mwa kila mtu ni malaria. Si kosa kupima. Kupima ni lazima, hasa penye homa. Tatizo huanza pale kipimo cha haraka kinapoonyesha kwamba hakuna vimelea, lakini mgonjwa akapewa au akajinunulia dawa mseto hivyo hivyo. Dawa hiyo humezwa kwa siku 3, na shambulio la kipandauso kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya siku hizo hizo 3, kwa hiyo mgonjwa huamka siku ya nne akiamini kwamba malaria imepona, na baada ya wiki moja anaanza upya. Mimi nilizunguka katika mduara huo kwa miaka, na katika kituo kimoja niliwahi kuambiwa kwamba damu yangu “inapenda malaria”. Nilikuja kutambua baadaye kwamba kilichonichosha zaidi ya vidonge ni kuuona mwili wangu kuwa wa ajabu, usioponyeka kama miili ya wengine.

Kwa sababu hiyo, kutunza moyo kunaanza na jina la ugonjwa. Nenda kituo cha afya, na ikibidi uombe rufaa hadi hospitali ya mkoa, ambayo kwetu ni Maweni, ukieleza mambo kwa hesabu: kichwa kinauma siku ngapi kwa mwezi, shambulio linachukua saa ngapi, linaanzia wapi, unatapika au hutapiki, unaona vimulimuli kabla ya maumivu au huoni, na umemeza vidonge gani kwa siku ngapi. Uliza pia nyumbani, kwa kuwa kipandauso hurithiwa katika familia nyingi na huwapata wanawake takribani mara 3 zaidi ya wanaume. Si ajabu ukasikia kwamba bibi yako naye alikuwa akijifunga kitambaa kichwani na kufungiwa chumbani kutwa nzima, na kwamba watu wa wakati ule walisema ana jini. Ugonjwa huu ni wa ubongo na mishipa ya fahamu. Haukuletwa na husuda ya jirani wala na udhaifu wa tabia yako.

Hata hivyo, usikipe kila kichwa jina hilo. Maumivu yanayolipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, kichwa kinachoambatana na homa na shingo ngumu, kupooza upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, kichwa kilichoanza baada ya kugongwa au kuanguka, kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50, kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI au kwa mjamzito, hasa akiwa na shinikizo la damu au kuona ukungu, hayo yote ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: Weka daftari, lakini lisikutawale

Chukua daftari la shule na kila jioni, kwa muda usiozidi dakika 2, andika tarehe, saa za maumivu, dawa uliyomeza, usingizi wa jana, hedhi kwa wanawake, na neno moja au mawili kuhusu hali ya moyo: hasira, woga, huzuni, utulivu. Safu hii ya mwisho ndiyo ambayo wengi huiacha, nayo ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Kwa watu wengi shambulio hutanguliwa na dalili za saa kadhaa hadi siku moja au mbili, kama vile kupiga miayo ovyo, shingo kukaza, hamu ya vitu vitamu, na hasira za karibu. Baada ya miezi miwili ya kuandika niligundua kwamba siku niliyowafokea wanafunzi kwa kosa dogo karibu kila mara ilikuwa siku inayotangulia shambulio. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisadiki kwamba hasira ndiyo iliyoniletea kichwa, kwa hiyo nililala nikiumwa na huku nikijilaumu. Daftari liliniambia kwamba hasira ile mara nyingi ilikuwa ni ugonjwa ukiwa tayari umebisha hodi. Sikuacha kuwaomba radhi wanafunzi wangu, lakini niliacha kujihukumu kwamba najiumiza mwenyewe.

Hapo pana mtego. Mtu akishaanza kuandika huanza pia kuwinda vichochezi, na watu wa karibu humsaidia uwindaji huo kwa ushauri usiokwisha: acha mawese, acha migebuka, acha maharage, usile dagaa wa jana. Ukifuata yote utabaki unakiogopa chakula, na kila shambulio litakuja na swali la nani alaumiwe. Mambo ambayo huwasumbua wengi kwa uhakika zaidi ni usingizi uliovurugika, kuruka mlo, kukaa bila maji, hedhi, na mabadiliko ya msongo wa mawazo, likiwemo lile la kupumzika ghafla baada ya wiki ngumu. Chakula fulani kisihukumiwe mpaka kitokee katika daftari mara kadhaa kabla ya kichwa, na hata hapo ujue kwamba hamu ya chokoleti au soda huenda ilikuwa dalili ya shambulio lililokwisha kuanza.

Hatua ya tatu: Tenganisha dawa na woga

Woga una namna yake ya kumeza vidonge. Mtu mwenye safari ya Kasulu, mtihani au harusi kesho humeza dawa ya maumivu leo, kichwa kikiwa bado hakijauma, “ili kuwahi”. Zikirundikana siku za namna hiyo, dawa zenyewe hugeuka kuwa chanzo cha kichwa. Mipaka inayotumiwa na wataalamu ni hii: dawa rahisi kama parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, na zile zilizochanganywa dawa kadhaa katika kidonge kimoja, au zenye kodeini, zikitumika siku 10 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi 3, mtu yuko katika hatari ya kuumwa kichwa kinachotokana na dawa. Kwa kuwa vidonge hivi hupatikana kwa bei ndogo katika kila duka la dawa muhimu, hakuna anayekuhesabia. Jihesabie mwenyewe katika daftari. Ukikuta umevuka mpaka, zungumza na daktari kabla ya kuacha, na uwaambie wa nyumbani mapema kwamba kichwa huweza kuzidi kwa siku kadhaa au hata wiki mbili kabla ya kutulia, ili siku hizo zitakapofika pasiwe na mtu wa kukuletea kidonge kwa huruma.

Kuna woga wa namna ya pili, ambao katika mji mdogo una nguvu sana. Miongoni mwa dawa za kuzuia kipandauso zinazopatikana kwetu ni propranololi, inayojulikana zaidi kama dawa ya presha na moyo, na amitriptilini, inayojulikana kama dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Nilipoandikiwa hiyo ya pili na kuipeleka dukani, muuzaji aliitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akateremsha sauti kama anayeuliza siri ya ndoa. Nilitoka pale nikiwa na pakiti mkononi na jina la Mirembe kichwani, kwa maana sisi wa bara tumekua tukisikia hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ya Dodoma ikitajwa kama tishio la kumtia adabu mtoto mtukutu. Sikuimeza kwa mwezi mzima. Ukweli ni kwamba dawa hiyo hutolewa kwa kipandauso kwa kipimo kidogo kuliko cha sonona, kwa sababu inapunguza namna ubongo unavyopokea maumivu. Humezwa usiku kwa kuwa huleta usingizi, hukausha mdomo, na hukawia wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matunda. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa propranololi, na mjamzito au anayetarajia kubeba mimba aseme wazi kabla ya dawa yoyote. Na kama wewe una kipandauso na sonona pia, jambo ambalo hutokea mara nyingi, dawa iliyoandikwa kwa ajili ya yote mawili haikupunguzii heshima.

Hatua ya nne: Siku ya shambulio

Hapa sitakawia, kwa kuwa siku yenyewe haina nafasi ya mengi. Meza dawa uliyoelekezwa mapema, maumivu yanapoanza, badala ya kusubiri yakolee, kunywa maji, ingia chumba chenye giza. Nyumba ya bati mchana huwaka, na dirisha linalotazama magharibi hupokea mwako wa jua la alasiri kutoka Ziwa Tanganyika, kwa hiyo tundika khanga nzito dirishani na uweke kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Kisha shughulikia pumzi: vuta kwa hesabu ya 4, toa polepole kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5. Mwenye tasbihi anaweza kuhesabu kwayo, mwenye rozari vivyo hivyo. Kaza ngumi kwa sekunde 5 na uziachie, halafu mabega, halafu taya, ambalo wengi hatujui kwamba tumelibana. Pumzi haiondoi shambulio. Inapunguza ile hofu inayoukaza mwili juu ya maumivu yaliyopo.

Akili wakati huo hupenda kusema “hili halitaisha” au “safari hii ni uvimbe ubongoni”. Usibishane nayo kwa hoja ndefu. Andaa mapema sentensi moja ya kweli kutoka katika daftari lako, kwa mfano “shambulio langu refu kuliko yote lilikuwa la siku 2, nalo liliisha”, uiandike kwenye karatasi na kuiweka chini ya mto. Maumivu yakikoma, tarajia siku moja ya uchovu na mawazo mazito, kana kwamba umetoka kubeba magunia. Siku hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa, na maamuzi makubwa yasifanywe ndani yake.

Hatua ya tano: Sema na watu kabla hujaumwa

Mtu akiwa na jeraha huulizwa pole; mwenye kipandauso huulizwa “tena?” Neno hilo moja limevunja mioyo mingi. Njia pekee niliyoona ikifaa ni kuzungumza siku ya uzima, kwa utulivu, na kuomba jambo mahususi badala ya kuomba kueleweka kwa jumla.

Kwa mwenzi wa ndoa, sema unachohitaji na usichohitaji: “Baba watoto, nikifunga mlango sijakununia. Naomba watoto wale kwa wifi jioni hiyo, na usiniulize kila saa kama nimepona.” Mwenzi naye aruhusiwe kusema kwamba amechoka, kwa kuwa kuchoka na ugonjwa si kumchukia mgonjwa, na nyumba ambayo mzima haruhusiwi kulalamika hujaa chuki ya kimyakimya. Watoto waambiwe kwa maneno yao kwamba mama anaumwa kichwa, kwamba si wao waliosababisha, na kwamba atatoka chumbani. Mtoto asiyeambiwa kitu huanza kunyata nyumba nzima akiamini kelele zake ndizo zilizomwangusha mama.

Msiba ni jambo zito zaidi. Kwetu mtu husamehewa mengi lakini si kukosa kuonekana msibani, na mgonjwa wa kichwa anajua turubai, jua, vilio, moshi wa mafiga na usiku wa kukesha vitamfanyia nini. Wengi huenda kwa aibu, wakaanguka, wakawa msiba wa pili. Ni heri ugawe wajibu: mpigie simu mkubwa wa familia kabla hajakutafuta, useme, “Shikamoo shangazi. Nimeupata msiba, nami nimeumia. Kichwa kimenilaza tangu jana na kukesha sitaweza, ila rambirambi yangu anakuja nayo mwanangu, na kesho asubuhi jua likiwa dogo nitafika kukaa na nyinyi saa moja.” Kisha ufike kweli hiyo saa moja. Nimeona kwamba watu hukumbuka zaidi aliyetoa taarifa na kufika kidogo kuliko aliyetoweka akaja kueleza baada ya arobaini.

Mwezi wa Ramadhani nao, katika mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji, huwaletea wagonjwa majonzi maalumu, kwa kuwa kukaa bila maji na kubadili usingizi ni vichochezi vinavyojulikana, na mtu anayefungua mchana hujiona amewaacha wenzake njiani. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185: ahesabu siku nyingine, na asiyeweza kabisa ana mlango wa fidia kwa kumlisha masikini. Mwendee daktari na sheikh kabla ya mwezi kuandama, si katikati yake. Anayeweza kufunga na ajitahidi kula daku kwa kuchelewa, kunywa maji ya kutosha usiku, na kupunguza chai na kahawa kidogo kidogo wiki mbili kabla.

Kazini, mwenye ajira ajue haki yake badala ya kuishi kwa kuomba huruma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Kwa hiyo tunza nakala za vile vyeti vya kupumzika ambavyo wengi tunaviita ED. Mwambie mkuu wako wa kazi lile ambalo bado unaweza kulifanya siku ya kichwa chepesi, kama kusahihisha madaftari mahali penye kivuli, kwa maana ombi lenye pendekezo hupokelewa vizuri zaidi kuliko udhuru mtupu.

Hatua ya sita: Usizimalize siku nzuri

Anayeamka bila kichwa baada ya siku 4 za kulala hutaka kufanya kazi ya siku 5: kufua, kulima, kudai madeni, kutembelea wagonjwa. Jioni anaanguka tena, na taratibu anaanza kuziogopa hata siku nzuri. Wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, hapa kwetu kando ya ziwa, wanalo somo katika hili, ingawa hawalifikirii hivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwa pevu mwanga wa taa hauwavuti samaki, kwa hiyo mitumbwi hutulia siku kadhaa kila mwezi. Hakuna anayewaita wavuvi wavivu siku hizo. Nyavu zinashonwa, madeni yanalipwa, watu wanalala. Mama mmoja muuza dagaa, mwenye kipandauso kama changu na ambaye harufu ya vichanja pekee ilikuwa ikimtapisha, aliacha kujipangia kazi za ziada siku za mbalamwezi na kuzifanya za kulala mapema na kula kwa wakati. Hakupona, lakini alisema aliacha kuishi kama mtu anayefukuzwa.

Kwa vitendo, panga siku nzuri kwa nusu ya nguvu zako: kazi mbili za lazima, moja ya kupenda, na pumziko la dakika 20 kabla hujachoka. Lala na uamke saa zile zile hata Jumapili. Tembea asubuhi dakika 30 mara kadhaa kwa wiki. Na ile kazi ya kupenda isiahirishwe kwa hoja kwamba kichwa huenda kikauma. Kubali mwaliko kwa sharti lililosemwa wazi kwamba huenda ukaondoka mapema, na uende.

Hatua ya saba: Tambua pale moyo wenyewe unapougua

Huzuni ya siku ya shambulio ni ya kawaida. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, hata siku zisizo na maumivu, hupati raha ya chochote, usingizi au hamu ya kula imepotea au imezidi, unajiona mzigo, na hofu haikuachi, hiyo inaweza kuwa sonona au ugonjwa wa wasiwasi, na vyote viwili vina tiba. Mweleze mhudumu yule yule anayekutibu kichwa, kwa sababu magonjwa haya huchochea kipandauso nacho kikayachochea, na kutibu upande mmoja tu huacha mwingine ukiwaka. Uliza kuhusu huduma ya afya ya akili na afisa ustawi wa jamii katika hospitali ya mkoa. Sala na kuombewa havizuiwi na tiba. Jihadhari tu na yeyote, wa dini au wa kienyeji, anayekutaka uache dawa ghafla au anayekutajia ndugu wa kumchukia.

Yakikujia mawazo kwamba heri kufa, usiyafiche kwa kuona aibu wala usisubiri kichwa kitulie. Mwambie mtu mmoja siku hiyo hiyo, kwa maneno yasiyozungushwa: “Kaka, nimeanza kuwaza kujiua, usiniache peke yangu.” Aliyeambiwa asihubiri wala asikemee; akae naye, ampeleke hospitali, na azichukue dawa zote zilizomo chumbani, hasa amitriptilini, ambayo ni hatari sana ikimezwa nyingi kwa pamoja, awe anampa kidonge cha usiku kimoja kimoja kadiri kilivyoandikwa mpaka daktari aseme vinginevyo.